Malalamiko Kuhusu Wingu Linalokalia Ngazi ya Posta

Jorunn Hamnes
Nyumba ya kijani, Mtaa wa Juu
Skoddevik
Jumatatu, 26 Januari

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Skoddevik

Ndugu Mhariri,

YAH: WINGU, NA WALE WANAOLITENGENEZA

Nakuita ndugu kwa sababu adabu ya barua inataka hivyo. Ninaye ndugu mwingine, wa tumbo moja, lakini huyo tuna miaka mitatu na miezi mitatu hatuitani chochote. Namtaja hapa mwanzoni ili wasomaji wako wasije wakasema Jorunn anaficha jambo: mwandishi wa safu yako ya hali ya hewa, Bwana Sjur Hamnes, ni mdogo wangu. Undugu huu hauhusiani kabisa na malalamiko yangu. Malalamiko yangu ni ya kisayansi.

Najua pia kwamba barua zote za hali ya hewa zinazofika kwako hupelekwa kwake kwanza azisome na kuzijibu. Sina pingamizi. Asome.

Mimi nina umri wa miaka sabini na minane. Nilisimamia chumba cha kufulia cha hospitali ya zamani kwa miaka thelathini na minne, na mvuke ninaujua kuliko mtu yeyote katika mji huu. Nimefanya kazi ndani ya wingu, kwa zamu, na likizo ya wiki nne kila kiangazi. Kwa hiyo naomba nisijibiwe kama mtoto.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi hii, tarehe ishirini na tisa, ni Siku ya Jua. Tangu Novemba jua letu limejificha nyuma ya mlima wa Skoddehorn, na Alhamisi, saa sita na dakika saba mchana, linatakiwa kuchungulia kwenye pengo la mlima na kugonga kipandio cha tatu cha ngazi ya posta ya zamani kwa dakika kumi na moja. Nasema linatakiwa. Miaka mitatu mfululizo wingu limekaa juu ya pengo lile kama kifuniko cha sufuria, na kipandio kimebaki kijivu. Watoto wamepiga kelele za bure, kwaya ya wanaume imeliimbia wingu, na mandazi ya jua ya Solfrid mwoka mikate yameliwa gizani.

Wako watakaosema si kitu, jua litatoka kesho yake. Ndugu Mhariri, jua la tarehe thelathini ni la kukaushia soksi. Halifungui kiapo.

Kwa faida ya watu waliohamia hapa juzijuzi, yaani wale wa baada ya kujengwa daraja, nieleze. Mtu wa Skoddevik akikasirika hasemi "sitaongea nawe milele," kwa sababu milele ni ndefu na duka ni moja tu. Husema, "Mpaka jua ligonge ngazi." Basi kinywa kinafungwa mpaka Siku ya Jua. Jua likigusa kipandio cha tatu, aliyeapa humpelekea mwenzake andazi, wanakula, na kesi hairudiwi. Ni kiapo cha watu wenye akili. Ugomvi wa Oktoba unaisha Januari, na katikati watu wanapumzishana. Waliokiweka hawakufikiri kwamba siku moja wingu lingejiingiza.

Sasa malalamiko, kwa namba.

1. Kuhusu neno opphold. Mwezi huu wote safu ya Bwana Hamnes imekuwa na maneno mawili: "Mawingu. Opphold." Siku ishirini na sita, maneno mawili. Sote tunajua neno hilo lina maana gani: mvua haipo kwa sasa. Haijaisha, imekwenda kuvuta pumzi. Bwana Hamnes hulitumia kama mtu anayekwambia "nipo njiani" naye bado yuko kitandani.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Oktoba, aliandika "opphold" kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Mimi, kwa kuliamini gazeti lako, nikawaita mafundi wakavua vigae vyote vya paa langu ili vibadilishwe. Jumatano saa nane mchana mvua ikarudi kutoka huko ilikokwenda kuvuta pumzi. Ilinyesha juu ya kitanda changu, juu ya kabati la vyombo na juu ya picha ya marehemu mama, ambaye tangu siku hiyo ana doa kwenye shavu la kushoto na anaonekana kama ana jino bovu.

Asubuhi yake nilimkuta Bwana Hamnes dukani, kwenye jibini. Nikamwambia mbele za watu, "Wewe Sjur hujui hata wingu linatoka wapi. Unabahatisha tu, kama kuku anavyodonoa." Naye, badala ya kuomba radhi, akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye samaki, "Linatoka jikoni kwako, dada! Sufuria ya komle haijapoa humo tangu enzi za mama."

Komle, Ndugu Mhariri. Madonge ya viazi aliyokuwa akija kuyala kwangu kila Alhamisi kwa miaka ishirini na sita, matano kwa mlo, na nyama ya chumvi, na mafuta yakimchuruzika kidevuni. Nikamwambia kama komle zangu zinamletea mawingu asizile tena. Akasema, "Sitii mguu kwako mpaka jua ligonge ngazi." Nikasema, "Na usitie." Hivyo tukawa tumeapa wote wawili, kitu ambacho si cha kawaida, na hata mwenye duka alikiri hajawahi kukiona.

2. Kuhusu mvuke. Wiki iliyofuata Bwana Hamnes alichapisha katika gazeti lako makala ndefu, "Wingu Hutokeaje," bila kutaja jina la mtu lakini mji mzima ulimjua mlengwa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema dalili ya mawingu ni nini, na hapo ndipo Bwana Hamnes alipojipatia ajira. Alieleza kwamba maji hupanda kama mvuke usioonekana, kwamba hewa ikipanda hupoa, na kwamba mvuke uliopoa hauwezi kuwa tone mpaka upate chembe ya vumbi ya kushikilia. Matone hayo yakiwa mengi mno, hilo ndilo wingu.

Niliisoma makala hiyo nikiwa na hasira, kisha nikaisoma tena nikiwa na daftari. Nikaweka sahani baridi juu ya sufuria ya komle. Baada ya dakika nne sahani ilikuwa imelowa chapachapa. Mdogo wangu alisema kwa kejeli, lakini alisema kweli, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nakiri hadharani: wingu linatoka jikoni kwangu.

Ila sipiki peke yangu. Mji huu una majiko mia tatu na kumi na mbili, na kila mtu anajua Alhamisi ni siku ya komle. Mwaka huu Siku ya Jua imeangukia Alhamisi! Saa tano na nusu, sufuria mia tatu na kumi na mbili zitakuwa zinatokota kwa pamoja, kila moja saa nzima, chini kabisa ya pengo lile. Naomba baraza la mji lipige marufuku komle siku hiyo. Watu wale mkate. Waliozoea chakula cha moto wakalie jiko wakila mkate.

Bwawa la kuogelea nalo lifungwe, maana nimesimama nje ya dirisha lake nikaona kwa macho yangu wingu likitoka likiwa tayari limekamilika.

3. Kuhusu kwaya ya wanaume. Wanaume ishirini na wawili husimama chini ya ngazi na kuimba wimbo wa jua, beti nane, vinywa wazi, katika baridi ya nyuzi saba chini ya sifuri. Mwaka jana nilibeba kioo cha mkononi nikapima. Sauti nyembamba zilifanya ukungu mdogo. Sauti nene ya pili ilikifunika kioo chote kwa pumzi moja, na mwenye sauti hiyo, ambaye simtaji lakini ni fundi bomba, aliniuliza, "Jorunn, unanitafuta nini kinywani?" Nikamwambia natafuta wingu la Januari. Napendekeza kwaya iimbe mdomo ukiwa umefungwa, au iimbe kwa kuvuta pumzi ndani. Nimejaribu nyumbani, inawezekana kwa beti mbili.

4. Kuhusu vumbi. Kwa mujibu wa makala ya Bwana Hamnes, mvuke bila vumbi ni kama mgeni asiye na kiti: hauwezi kukaa. Basi tuondoe viti. Majiko ya kuni yazimwe tangu Jumatano. Lori la baraza lisimwage mchanga barabarani. Watu wanaoteleza wateleze kwa siku moja, kwa manufaa ya wote. Mazulia yasikung'utwe. Hewa iliyo juu ya mji ifutwe kwa namna itakayoonekana inafaa, na mimi najitolea mashuka kumi na manne ya hospitali, yaliyo safi.

5. Lalamiko la tano nimelifuta. Lilimhusu mchungaji, lakini Jumapili nilimkuta ana mafua.

6. Kuhusu mlima. Bwana Hamnes aliandika kwamba upepo wa baharini ukifika kwenye Skoddehorn hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na ndipo yale mengine. Kwa maneno mengine, hata sisi wote tukiacha kupika, kuimba na kupumua, mlima utaendelea. Mwezi Novemba nikaandika barua barazani kuomba mlima upunguzwe mita sitini. Mhandisi, kijana mstaarabu wa Ålesund, alinipigia simu mwenyewe. Akasema, "Jorunn, nimeusoma mpango wa mwaka huu wote. Mlima haumo." Nikamwuliza kuhusu mpango wa mwaka kesho. Akasema, "Labda tungeihamisha ngazi?" Nikamwambia aliyezaliwa Ålesund asizungumzie kuhamisha ngazi.

7. Kuhusu uamuzi wa baraza kwamba, wingu likiwepo saa sita na dakika kumi, watu waingie ukumbini wale mandazi bila kungoja. Nilisikia sababu yao, ati ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndugu Mhariri, dakika nane! Jua lina haki ya dakika nane zilizobaki. Mji mzima unaligeuzia jua mgongo na kwenda kulamba sukari, halafu unalalamika kwamba haulioni.

8. Hili ndilo la mwisho na ndilo zito.

Ijumaa nilikwenda kununua mkate. Solfrid alikuwa akinifungia, na hakunitazama. Akasema, "Jorunn, mdogo wako anahama Jumamosi ijayo. Anakwenda Bergen kwa binti yake, Ingvild. Moyo haumwendei vizuri, daktari anataka awe karibu na hospitali kubwa. Umeambiwa?"

Nikasema nitaambiwaje na mtu ambaye hatuongei naye.

Akasema, "Na utamwacha aondoke hivihivi?"

Nikasema kiapo ni kiapo.

Solfrid aliuweka mkate juu ya meza kwa nguvu, akaniambia, "Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sawa. Mimi nimelima miaka mitatu, dada yangu, mgongo umeniuma. Kapu nitalichukua lini?"

Nililipa nikatoka, nikausahau mkate, nikaona haya kurudi.

Jioni nilipita mbele ya nyumba ya Bwana Hamnes, kwa kuwa barabara ni ya umma. Taa ilikuwa inawaka. Masanduku yalikuwa yamepangwa dirishani mpaka juu, na kipimahewa chake cha ukutani, kile cha baba, kilikuwa kimeshushwa. Ukutani palibaki alama ya duara. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Niliumia, Ndugu Mhariri. Nalisema wazi kwa sababu hii ni barua ya kisayansi na haitakiwi kuacha kitu nje.

Basi hali ni hii: siku ya Alhamisi jua lisipogonga, Jumamosi Bwana Hamnes atapanda feri akiwa bado ameniapia nami nikiwa bado nimemwapia, na huko Bergen hakuna ngazi. Kuna ngazi nyingi, lakini si yetu. Ukizingatia moyo wake, na umri wangu, siwezi kukaa nikingoja Januari nyingine kama mtu mwenye akiba yake.

Kwa hiyo, kwa kuwa komle haziwezi kupigwa marufuku kabla ya Alhamisi (nimempigia mwenyekiti wa baraza, akacheka mpaka akakohoa), na kwa kuwa mlima haumo kwenye mpango, naomba jambo moja dogo ambalo liko ndani ya uwezo wa gazeti lako. Toleo lako linatoka Jumatano. Naomba mahali palipozoea kuandikwa "Mawingu. Opphold," paandikwe, kwa mkono wa Bwana Hamnes mwenyewe: "Alhamisi: jua litagonga ngazi. Limeshagonga. Tusiulizane."

Utasema huo utakuwa uongo. Utakuwa utabiri. Katika utabiri mtu anaruhusiwa kukosea, na Bwana Hamnes ana uzoefu. Alikosea juu ya kitanda changu kwa siku moja na hakuna aliyemfukuza kazi. Sasa akosee mara moja kwa faida yangu, tuwe sawa.

Kiapo chetu kinasema "mpaka jua ligonge." Hakisemi ni nani wa kuthibitisha. Katika mji huu kitu kikiandikwa gazetini kimetokea, na visivyoandikwa watu huvibishania mpaka Pasaka. Nimelitafakari jambo hili usiku na mchana, na sioni kasoro.

Naomba uzisambaze salamu zangu kwa wapiga chapa, kwa msichana wa matangazo aliyenisaidia kumtafuta paka, kwa Solfrid na mgongo wake, kwa kwaya yote pamoja na sauti nene ya pili, kwa mchungaji na mafua yake, na kwa mhandisi wa Ålesund, ambaye akioa atafaa. Kwa Skoddehorn sina salamu.

Nikingoja hatua yako ya haraka, ndimi,

Jorunn Hamnes
Mstaafu wa chumba cha kufulia

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo kama wingu la Alhamisi litakuwa kubwa kidogo, sehemu hiyo ni yangu.

Lile lalamiko la saba halikukamilika. Mwaka jana, saa sita na dakika kumi, wote mlipoingia ukumbini, mimi nilibaki nje nikiokota vikombe. Saa sita na dakika kumi na tano wingu likapasuka. Si sana. Jua likateremka likakaa juu ya kipandio cha tatu, jembamba, upana wa kipande cha mkate. Hapakuwa na mtu mwingine. Mlango wa ukumbi ulikuwa hatua kumi kutoka pale, na kwenye kioo chake nilimwona Sjur amekaa na andazi mkononi, halili, anatazama nje upande mwingine.

Ningeita. Ilitosha kusema jina lake tu. Lakini nilikumbuka kitanda, na jino la mama, na dukani, nikajiambia ninune kidogo tu, dakika moja zaidi, kisha nitaita. Na ili mtu asitoke akaliona kabla sijawa tayari, nikapanda nikasimama juu yake. Likaja juu ya kiatu changu. Lilikuwa na joto. Nilipokuwa tayari lilikuwa limekwenda.

Kwa hiyo komle hazina hatia, kwaya haina hatia, na mlima nimeusingizia. Wingu la mwaka jana lilikuwa kiatu changu, namba thelathini na tisa. Naomba barua hii usiichape. Mpe tu anayezisoma kwanza.

Sjur, mdogo wangu, limeshagonga, tangu mwaka jana. Andazi lako nilikula mimi. Alhamisi nachemsha saa tano na nusu kama kawaida, na nyama ya chumvi nitailoweka Jumatano, ya watu wawili. Usidhani nimemaliza kugomba nawe kuhusu paa. Ni opphold tu. Njoo kabla haijarudi.